Mteremko wa Ngomo, Moteri Imezimwa

Kwetu matanga hayaondolewi hivi hivi. Watu wakishakaa siku zao kwenye viti vya kukodi, wakila na kusinzia na kuimba, inafika siku ya mwisho, ile tunayoiita levée, na mmoja wa familia anasimama kusimulia njia ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, amewaacha nani, amekufa kwa kitu gani. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolingojea. Ukilipita haraka, watakwenda kulimalizia wenyewe njiani wakirudi nyumbani, kila mtu kwa namna yake.

Ndugu yangu mdogo alipokufa, baba mdogo alinichagua mimi nisimame. Wazazi wetu wametangulia, na mimi ndiye mkubwa, lakini hakunichagua kwa ajili ya ukubwa. Aliniambia wazi, tumekaa nyuma ya nyumba, wanawake wakiosha masufuria karibu yetu.

"Wewe batu banakuaminiaka. Ukisema kitu, hakuna wa kubisha. Utasema karuho."

Karuho ni sumu ya kwetu. Wanasema inatiwa kwenye pombe kwa ncha ya ukucha, mtu anakunywa akicheka, na tumbo linamgeuka akiwa ameshafika mbali. Mimi sijawahi kuiona. Ninachojua ni kwamba neno hilo likitamkwa kwenye levée, kuna mtu mahali fulani ambaye nyumba yake haitamaliza wiki.

Na mtu huyo alikuwa ameshapatikana. Ndugu yangu alikuwa motari kwa miaka mingi, akibeba watu kwa pikipiki hapa Bukavu kutoka Kadutu mpaka Panzi, hadi alipopata kazi kwa mzee mmoja wa Ibanda, tunamwita tonton, aliyenunua baiskeli za umeme kwa ajili ya wageni. Wageni hao hawapewi mtu wa kuwaongoza. Wanapewa baiskeli na telefone yenye ramani, wanapelekwa kwa gari mpaka Nyangezi, kisha wanaendesha wenyewe juu ya mgongo wa mlima, wanaangalia miamba myekundu, wanateremka Ngomo mpaka uwanda wa Kamanyola ambako kiangazi majani yote yanakauka na nchi inabaki vumbi na miiba. Kabla tonton hajaifungua njia hiyo, alimtuma ndugu yangu aipite yote peke yake, ateremke na apande tena, aone kama betri inatosha.

Mahali Ngomo inapoanza kushuka, yuko mama anayeuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndugu yangu alisimama hapo, watu walimwona akinywa. Baada ya muda mfupi wapita njia wakamkuta chini ya kona, amekufa, povu mdomoni. Baiskeli ilikuwa imeshikwa na vichaka pembeni ya barabara, imezimwa.

Hilo la kuzimwa ndilo lililomshika baba mdogo.

"Kitu yenye kuzimwa haitembee," aliniambia. "Alisimama, akazima, akashuka. Tumbo lilikuwa linamukata. Akakaa pembeni, akaanguka. Ni nani atazima kitu njo aanguke nayo?"

"Pengine alikuwa amelewa."

"Na kikombe kimoja? Ule mutoto? Alikuwa anakunywaka mpaka mwenye pombe anamuomba aende, na anapanda pikipiki yake anafika."

Vijana wa familia walikuwa wamesimama karibu na ukuta wakisikiliza. Mmoja akasema, "Levée ni Jumamosi. Jumapili tutaenda kumusalimia ule mama." Wenzake wakacheka kidogo, na mmoja wa wanawake akaacha kuosha.

Nilisema nitasema kile ninachokijua.

"Basi sasa unajua," baba mdogo akajibu, akanyanyuka.

Mimi ni mshonaji. Shule niliishia ya msingi. Sina maneno mengi, na yale machache niliyonayo siwezi kuyapinda, jambo ambalo si sifa, maana limenifukuzia wateja. Mwanamke akivaa gauni nililoshona na likamkaa vibaya, namwambia limekukaa vibaya, leta nifumue. Usiku ule sikulia, kama vile sikulia siku ya maziko. Nilikuwa nafikiria yule mama ambaye sikumjua hata sura. Kama alimwua ndugu yangu, sikuwa na huruma naye. Kama hakumwua, basi ni mdomo wangu ndio ungemwua yeye.

Asubuhi nikaenda Ibanda kwa tonton. Nilimkuta mbele ya banda lake kando ya ziwa, anafuta kiti cha baiskeli kwa kitambaa. Aliponiona akasimama, akavua kofia, akaanza kutoa pole upya. Nikamwambia nimekuja kuomba baiskeli. Nataka kupita alikopita ndugu yangu, kwa njia ileile, bila gari la kuningojea chini.

"Maman, hapana."

"Ya kwake iko sawa na hizi?"

"Ni pacha. Lakini unajua velo?"

"Baba yetu alifanyaka kazi kwenye miwa kule uwandani. Tuliendaka shule na velo, wasichana pia."

Akazungusha kofia mikononi. "Na kama kitu inakupata? Familia yako itasema nini juu yangu?"

"Watasema karuho," nikamwambia. Hakujua kama nilitania, na mimi pia sikujua.

Alikubali, nadhani kwa sababu aliiogopa Jumamosi kuliko nilivyoiogopa mimi. Akanionyesha kitufe cha kuwasha na vya kuongeza nguvu za kupanda. Kuhusu kushuka hakuniambia kitu, na sikumwuliza. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye mwenyewe hajawahi kushuka Ngomo na baiskeli hizo. Jambo moja tu alilirudia: "Chunga betri. Ikikwisha chini, ile velo ni nzito, hautaisukuma kupanda. Na Kamanyola siku hizi umeme hakuna."

Siku ya Alhamisi gari lake liliniacha Nyangezi. Dereva akasema atakaa hapo sokoni mpaka nirudi. Nilivaa suruali ndani, juu nikafunga kikwembe changu cheusi cha kilio, nikakikaza kisiingie kwenye mnyororo. Telefone ilifungwa kwenye usukani. Sauti ya mwanamke ndani yake ikaniambia kwa Kifaransa nifuate barabara, kana kwamba kulikuwa na barabara nyingine.

Wanawake waliobeba mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, walisimama kunitazama.

"Eh, mujane anakimbia wakwe," mmoja akasema.

"Siye mujane. Ni ndugu yangu."

"Pole, dada. Basi endesha polepole, yeye haharakishwi tena."

Nikawashukuru. Walikuwa wakicheka bado nilipopinda.

Njia ya mgongo wa mlima ni nzuri, siwezi kusema vingine. Barabara imechongwa kwenye mlima, na pale ilipochongwa mwamba umebaki wazi, mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni, una mistari ya njano na mahali pengine ni mweusi kama damu iliyokauka. Mvua za miaka zimeufumua udongo mpaka makorongo yanaingiana kama vidole. Kila nilipofika mahali walipopanga wageni wasimame, telefone ililia, na mimi nikasimama, kwa kuwa ndugu yangu naye lazima alisimama. Kushoto kwa mbali ulionekana uwanda wa Ruzizi, mkavu, rangi ya ngozi ya mbuzi, na mto umepita katikati kama uzi ulioanguka kwenye nguo. Ng'ambo milima ya Burundi. Nilijaribu kuangalia kwa macho yake, nikashindwa. Nilikuwa nahesabu kitu kimoja tu kichwani: amekunywa, ameshuka, imezimwa, amekufa. Kila nilipokipanga, kilipangika kama alivyosema baba mdogo.

Jambo moja liliniudhi kwenye baiskeli ile. Palipokuwa na mteremko mdogo haikukimbia kama baiskeli za utoto wangu. Ilijizuia, gurudumu likinguruma taratibu, kama mbuzi anayevutwa kamba. Nilifikiri inakula betri hata inaposhuka. Na mistari ya betri kwenye kioo ilikuwa imepungua zaidi ya nilivyotarajia.

Mama wa kasiksi alikuwa amekaa chini ya hema la turubai, pale hasa barabara inapoinamisha kichwa. Mwanamke wa umri wangu, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa nyuma. Pembeni yake motari mmoja alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani.

"Karibu, maman," mama akasema. "Kuko ya leo na kuko ya jana."

"Nipe ile alikunywa ndugu yangu."

Aliweka jagi chini. Akanitazama kikwembe, akaitazama baiskeli.

"Wewe njo yaya yake, dada mukubwa."

"Ni mimi."

"Ile ya siku ile iliisha. Lakini mukono ni uleule."

Motari alishusha miguu, akakaa vizuri.

Mama alimimina kikombe kikajaa. Kwetu anayekupa pombe huionja kwanza mbele yako, ndiyo adabu na ndiyo kinga. Alikunywa kidogo, akapangusa ukingo kwa kiganja, akanipa. Kikombe kilikuwa kikubwa kuliko mkono wangu ulivyokuwa tayari kukishika.

"Na yeye ulimuonjea?" nikauliza.

Hapo nilitegemea aseme ndiyo. Hapakuwa na mtu wa kumbishia.

"Hapana. Alinikataza. Alisema, mama, niko na haraka, usinipunguzie. Tukacheka. Akakunywa, akanirudishia kikombe, akaenda." Akanyoosha kidevu upande wa pili wa barabara. "Baliisha kuja hapa, batoto ba kwenu. Balikaa ng'ambo ile, banakuwa wananiangalia tu. Hawakununua kitu."

"Mbona haukukimbia?"

"Nikikimbia, si nitakuwa nimesema ni mimi?"

Nilikunywa. Sitasema nilikunywa kwa ushujaa. Nilikunywa nikimtazama usoni, na kila nilipomeza nilikuwa nasikiliza tumbo langu. Ilikuwa kasiksi, chachu kidogo, yenye ladha ya moshi. Niliimaliza. Kisha nikabaki nimekaa pale kwenye ubao wake, naangalia mwamba mwekundu ulio mbele, nikingoja kitu kinikate. Nzi walikuja kwenye kikombe.

Motari akaikagua baiskeli. "Yaya, hiyo velo inakula nini?"

"Umeme."

"Basi itakufa na njaa. Huku umeme tunaisikiaka kwa radio."

Hata mama alitabasamu. Nikamwonyesha mistari ya betri, nikamwambia naogopa haitanitosha kurudi. Aliinama akaangalia kioo, akatikisa kichwa kama fundi.

"Kwenye mushuko si unakata moteri? Kata. Sisi bote tunakataka. Ngomo njo rafiki wa masikini, inakusukuma bure mpaka chini. Kule chini unawasha, unapanda."

Ni kweli kila motari wa Bukavu anafanya hivyo. Nimepanda pikipiki maisha yangu yote, na kila mteremko ukianza, injini inanyamaza, unasikia upepo na nguo zako tu. Ndugu yangu alinibeba hivyo mara nyingi sana. Lakini siwezi kudai kwamba nilimfikiria yeye wakati ule. Nilifikiria betri.

Tumbo lilikuwa bado kimya. Nikamuaga mama, nikapanda, nikasubiri barabara iiname vizuri, nikabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Kile kitu kilichokuwa kikiivuta nyuma kilikwisha mara moja, baiskeli ikawa nyepesi, ikateleza bila sauti. Ukuta mwekundu kulia kwangu ukaanza kupita, nyufa na mizizi na maji yaliyochirizika. Kona ya kwanza niliikata kwa raha. Ya pili nikabana breki, zikashika. Mbele yake mteremko ukakaza, na nilipobana tena zilishika lakini baiskeli haikupungua mwendo. Nikabana kwa nguvu zote. Nikasikia harufu, kama pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Nikabana tena, na mara hii vishikio vyote viwili vya breki vilikuja mpaka kwenye usukani bila kitu ndani yake.

Kushoto hapakuwa na ukingo. Palikuwa na vichaka, halafu uwanda, chini kabisa, mzuri, mkavu.

Nilikumbuka kitufe. Nikakibonyeza na kukishikilia. Kioo hakikuamka. Nikakibonyeza tena, na katika kona ya mbele likatokea lori lililokuwa linapanda na magunia, katikati ya barabara, kwa sababu kwenye Ngomo kila mwenye lori anapita katikati. Dereva akapiga honi ndefu. Kati ya lori na ukuta wa mwamba palikuwa na lundo la udongo mwekundu ulioporomoka, wafanyakazi wa barabara walikuwa wameusogeza hapo na kuuacha. Sikuamua kwa akili. Mikono ilipinda.

Nikaingia kwenye udongo ule kwa kifua, na baiskeli ikanipita juu.

Nilikuwa nimelala uso chini, mdomo umejaa udongo. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimegeukia upande usio wake. Nikatapika. Kasiksi yote ikarudi, kwa mdomo na kwa pua, na povu. Masikio yalikuwa yakilia lakini nilisikia lori likisimama na miguu ikishuka.

"Usimuguse," sauti ya kwanza ikasema. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa amepanda juu ya magunia.

"Iko inapumua."

"Angalia povu. Angalia. Ametoka kwa ule mama wa kasiksi pale juu."

"Unajuaje?"

"Unasikia harufu. Ni ule mama tena, kama ule kijana. Na angalia velo yake imezimwa. Alisimama hapa, tumbo likamukamata, akazima, akaanguka. Ni karuho hiyo. Usimuguse, nakuambia."

Nilikuwa hai, nasikia, na ilikuwa imeshakamilika. Ilikamilika kabla sijafuta mdomo. Ilikuwa na kila kitu: pombe, povu, baiskeli imezimwa. Kama shingo yangu ndiyo ingegeuka badala ya kiganja, jioni hiyo ingekuwa imefika Bukavu na kupanda mpaka kwetu, na baba mdogo angekuwa na wafu wawili wa mama yule. Kati ya hao wawili dereva peke yake ndiye aliyeona nilivyoanguka, na hata yeye alikuwa ameanza kutikisa kichwa akikubali.

"Nilizima mimi," nikasema. Udongo ulinikaba, nikatema. "Nilizima mwenyewe. Ikiwa inakimbia."

Dereva akachuchumaa. Mtu mzima, ndevu za kijivu. "Unasema nini, maman?"

"Nilikata moteri juu. Kulinda betri. Freni zikaisha."

"Ulikata kwa mushuko wa Ngomo?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemeza kifungo. "Mimi hii gari nashuka nayo na première, gia ya kwanza, moteri inalia mpaka chini. Moteri njo inashika. Freni ni ya kusaidia tu."

"Bamotari banakataka."

"Pikipiki ni nyepesi. Na bao pia, tunabaokotaka huku."

Yule wa magunia alikuwa bado amesimama mbali. "Na povu?"

"Povu ni ya mutu mwenye kuanguka, papa," dereva akamwambia. "Wewe ukianguka utatoa asali?"

Alinisaidia kukaa, akanifunga mkono kwa kitambaa. Nikamwuliza kama anajua kona ya ndugu yangu. Akanyoosha kidole chini: kona moja iliyofuata, ukuta mwekundu upande huu, upande ule wazi. Hapo hapakuwa na lundo la udongo. Nilipaangalia kwa muda, mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, ndipo wakanipandisha kwenye kiti cha mbele na baiskeli juu ya magunia.

Pale kwa mama wa kasiksi nilimwomba dereva asimame. Mama aliona udongo na damu kwenye kikwembe changu, akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. Nikamwambia kupitia dirishani kwamba nilianguka, breki.

Jumamosi uwanja wa nyumba ulijaa mpaka barabarani. Tonton alikuja, akakaa viti vya nyuma karibu na kutokea. Bamotari wa parking, kituo alichofanyia kazi ndugu yangu zamani, walikuja na pikipiki zao, wakazipanga kwenye ukuta. Vijana wa familia walisimama mlangoni. Baba mdogo alinitazama mkono uliofungwa. Alisema tu, polepole, "Sema vizuri."

Nilisimama. Nilisema alikozaliwa na alikosoma. Nilisema alivyopenda kuimba vibaya. Kisha nikasema nilichokiona, kwa mpangilio kilivyotokea. Nilisema alikunywa kasiksi, kikombe kimoja, na kwamba hakuonjewa, kwa kuwa mama mwenyewe ameniambia hivyo. Hapo uwanja ulinguruma na mmoja wa vijana akatoka nje ya mlango. Nikaendelea. Nilisema mimi pia nimekunywa kutoka mkono uleule, na nimesimama hapa. Nilisema baiskeli ile inashikwa na moteri yake, na ukiizima kwenye mteremko inakuwa jiwe. Nilisema niliizima kwa sababu niliogopa betri, kama yeye alivyotumwa aangalie betri, na nilisema nilivyosikia watu wakinifanya maiti ya karuho ningali nasikia.

"Sikumuona akianguka," nikasema. "Hakuna aliyemuona. Lakini velo iliyozimwa inatembea. Inatembea kuliko zote. Alikata moteri kama alivyokataka siku zote. Njo ilimuua. Siwezi kusema kingine."

Nilitegemea mtu abishe. Motari mmoja wa nyuma akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Yaya, freni ilianza kunuka kabla ya kuisha ao nyuma yake?"

"Kabla."

"Unaona?" akamgeukia mwenzake. "Nilikuambia ile harufu."

"Pikipiki haiko velo," mwenzake akajibu.

"Mushuko ni mushuko."

"Wewe leo utashuka Panzi ukiwasha? Essence ya kuchoma, petroli, utanunua wewe?"

Wakaendelea hivyo, kwa sauti ya chini, wakibishana mbele ya picha ya ndugu yangu, na mmoja alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi anavyokata kona. Tonton alikuwa ameinamisha kichwa.

Mlangoni vijana hawakujua wasimame vipi. Mmoja akamtazama baba mdogo, akingojea.

Baba mdogo alikuwa bado ananitazama mimi. "Kwa hiyo hakuna mutu," akasema.

"Hakuna mutu, baba."

"Hakuna mwenye kumufanyia."

"Hakuna."

Aligeuza kichwa upande mmoja, kisha mwingine, kama anayetafuta mahali pa kuketi ingawa kiti chake kilikuwa nyuma yake. Siku ya maziko alikuwa amesimama wima, anaelekeza watu, anahesabu magari, anatoa amri. Sasa akayumba, na kijana wa mlangoni akawahi kumkalisha kwenye kiti chake. Akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo, akimwita ndugu yangu kwa jina la utoto. Wanawake waliokuwa wanapakua chakula wakaweka miiko chini. Nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake, na mimi pia nikaanza kulia.